Mbwa Amezaa Nyumbani: Tufanye Nini?



Katika kambi zetu na mitaani, mbwa ni mtu wa nyumba. Analinda mlango wakati baba yuko posti ya usiku, anafukuza wezi wa kuku, anawasindikiza watoto hata kisimani. Siku anapozaa, furaha inaingia. Watoto wanakimbia kuita wenzao, na majirani wanakwisha kuchagua kila mmoja wake, hali macho ya vitoto hayajafunguka bado.

Sisi wa dispensari tunafurahi pamoja nanyi. Lakini tunajua jambo moja ambalo wengi hawalifikiri. Vitoto vile sita au saba vinavyolia katika kona ya baraza ni jambo la afya ya nyumba nzima, tangu siku ya kuzaliwa hata siku ya sindano ya mwezi wa tatu. Wakitunzwa, watakuwa walinzi wazuri. Wakiachwa hivi hivi, wengine watakufa kwa baridi mbele ya wiki kwisha, na wale watakaopona wataweza kuwapa watoto wako minyoo, na siku moja labda kitu kibaya kuliko minyoo. Tuongee basi tangu mwanzo.

MAHALI PA KUZALIA

Mimba ya mbwa inachukua siku 63 hivi. Zikipungua tatu nne au zikizidi, si shida. Andika tarehe aliyopandwa na dume, maana bila tarehe mtakuwa mnabahatisha tu.

Wiki moja au mbili mbele ya siku hiyo, mtengenezee mahali pake, pakavu, pasipopita watu wengi wala upepo. Kasha la mbao linafaa, hata kartoni kubwa. Ukuta wake uwe mrefu kiasi ambacho mama anaweza kuruka na watoto hawawezi. Kama una mbao, pigilia kijiti pande zote ndani ya kasha, kiasi cha sentimeta 10 toka chini. Kazi yake ni hii: mama akilala vibaya, mtoto anabaki chini ya kijiti na hafinywi ukutani. Vitoto vingi vinakufa kwa kulaliwa na mama yao, nasi tunasema ni uchawi au ni ugonjwa.

Chini tandika magazeti ya zamani na vitambaa safi. Hapa nisikilizeni vizuri, ninyi wa kiwanda na wa karieri: usitandike salopeti yako ya kazi, hata ikiwa imechakaa. Ina mafuta ya mashine na mavumbi ya mawe ya mgodi. Usilete pia mifuko mitupu iliyobeba chokaa au dawa za kiwandani, wala pipa lililobeba asidi. Mama mbwa analamba watoto wake mchana kutwa, na watoto wako wanalala juu ya kitambaa kile kucheza nao. Vitu vya kiwanda vibaki kiwandani.

SIKU YENYEWE

Joto la mwili wa mbwa kwa kawaida ni digrii 38 hata 39. Mara nyingi linashuka chini ya 37, na ndani ya siku moja hivi anazaa. Ukitaka kumpima nyuma, nunua kipimajoto chake mwenyewe, na tafadhali kisirudi tena katika kwapa la mtoto.

Mbwa mwenye afya anazaa peke yake. Kazi yako ni kukaa mbali kidogo, kunyamaza, na kuwazuia watazamaji. Anapasua ngozi inayomfunika mtoto, anakata kitovu, anamlamba hata analia. Kama hakupasua ngozi ile, pasua wewe kwa vidole safi upesi, mfute pua na mdomo, umsugue kwa kitambaa kikavu. Kama kitovu kinatoka damu, kifunge kwa uzi safi. Kisha mrudishe kwenye ziwa.

Kati ya mtoto na mtoto, nusu saa au saa moja ni kawaida. Lakini akisukuma kwa nguvu nusu saa nzima na hakuna kinachotoka, au zikipita saa zaidi ya mbili na unajua wengine wamebaki ndani, au ukiona maji ya kijani kibichi mbele hata mtoto wa kwanza hajatoka, usikae kungojea. Tafuta mganga wa nyama, veterineri, saa ile ile. Usivute kwa nguvu, wala usimpe dawa ya uchungu ya akina mama.

Maziwa ya siku ya kwanza ni manjano na mazito. Yana kinga ya mama. Kila mtoto ayanyonye ndani ya saa 24, kwa sababu baadaye tumbo lake haliwezi tena kupokea kinga ile. Yule mdogo anayesukumwa na ndugu zake, mshike wewe na kumweka kwenye ziwa la nyuma, lenye maziwa mengi.

BARIDI, NA MBABULA

Mtoto wa mbwa anazaliwa kipofu na kiziwi. Macho yanafunguka siku ya 10 hata 14, masikio muda mfupi nyuma yake. Lakini udhaifu wake mkubwa hauonekani: wiki ya kwanza hajui kutetemeka. Hana njia ya kujipa joto. Anachukua joto la mama yake, la ndugu zake, na la kasha.

Kwetu Katanga hilo si jambo dogo. Lubumbashi iko juu ya bahari kwa mita 1200 na zaidi, Kolwezi iko juu kuliko hapo. Mwezi wa sita na wa saba, usiku unaweza kushuka chini ya digrii 10, na vitoto vinahitaji kiota cha digrii 30 hivi katika wiki ya kwanza. Mtoto aliyepoa hanyonyi. Asiponyonya anapoa zaidi. Asubuhi mnamkuta ametupwa kando na mama yake, mnasema mama ni mbaya. Mama si mbaya. Amemwona baridi, akadhani amekufa.

Ndiyo maana wengine, kwa moyo mzuri, wanachukua mbabula yenye makala na kuiweka chumbani karibu na kasha, wanafunga mlango na madirisha, wanalala. Ndugu zangu, hapo hatuongei tena juu ya mbwa. Ninyi mnaofanya kazi chini ya ardhi mnaijua sheria: baruti ikiisha kulipuka, hakuna mtu anayeingia mbele ya hewa kusafishwa. Moja ya gesi mnazokimbia pale, monoksidi ya kaboni, ndiyo hiyo hiyo inayotoka katika makala ya mbabula. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Inashika damu mahali pa hewa nzuri. Mtu anasikia kichwa kizito, anadhani ni usingizi, na usingizi ule hauamki. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaitoa pia. Mtu anavaa kofia ya chuma kazini kila siku, kisha anaileta gesi karibu na kitanda cha watoto wake!

Joto la vitoto tafuta namna hii: jaza chupa maji ya moto, ifunge vizuri, izungushie kitambaa kizito, iweke upande mmoja wa kasha tu, ili anayesikia joto apate mahali pa kukimbilia. Badilisha maji kila yanapopoa. Kama umeme uko, taa inaweza kuning'inizwa juu, lakini ifungwe kwa waya imara, mbali na kartoni na vitambaa. Taa iliyoanguka inachoma nyumba.

Ukitaka kujua kama joto linatosha, watazame wamelala. Wakirundikana na kulia, ni baridi. Wakitawanyika kila mmoja kona yake na kuhema, ni moto mno. Wakilala ubavu kwa ubavu, wanarukaruka kidogo katika usingizi, kila kitu ni sawa, nenda kalale.

KUPIMA NA KULISHA

Chukua mizani ndogo ya jikoni, au omba kwa mama anayeuza ndagala sokoni. Pima kila mtoto kila siku, saa ile ile, uandike. Yampasa kuongezeka kila siku, na ndani ya siku 8 hata 10 uzito wa kuzaliwa uwe umekuwa mara mbili. Anayekaa siku mbili bila kuongezeka ni mgonjwa, hata kama unamwona mzuri. Sisi kwenye mizani ya watoto tunafanya vile vile.

Kama mama amekufa au hana maziwa, kazi ni kubwa, tena ya usiku na mchana. Maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa mbwa ndiyo mazuri. Usipoyapata leo, kwa siku moja mbili saidia kwa kikombe cha maziwa ya ng'ombe, viini viwili vya mayai na kijiko kidogo cha mafuta ya mboga. Maziwa ya ng'ombe peke yake ni mepesi kuliko ya mbwa, nayo yanaharisha. Yawe na joto la ngozi yako. Wiki ya kwanza wape kila saa mbili au tatu, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pole pole.

Na mambo matatu ambayo akina mama wanakosea mara nyingi. Usimlishe aliyepoa: mpe joto kwanza, hata saa nzima, ndipo maziwa, tumbo baridi halisagi. Usimlaze chali mikononi kama mtoto mchanga wa mtu: maziwa yanaingia mapafuni. Alale juu ya tumbo lake, kichwa juu kidogo, kama anavyonyonya kwa mama. Na baada ya kula, msugue chini ya tumbo na nyuma kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, maana wiki mbili tatu za kwanza hawezi kukojoa wala kunya bila kulambwa.

Mama naye ale. Wiki ya tatu ya kunyonyesha anahitaji chakula mara mbili au tatu ya siku zake za kawaida. Bukari peke yake haitoshi. Changanya ndagala, vichwa vya samaki, utumbo wa ng'ombe uliopikwa, na maji mengi safi karibu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka kama misumari. Tazama maziwa yake kila siku: ziwa jekundu, gumu na la moto ni ugonjwa. Na kati ya wiki ya pili na ya nne, hasa kwa mbwa mdogo mwenye watoto wengi, ukimwona anatetemeka, miguu inakakamaa, anahema bila kukimbia, ni chokaa ya mwili wake, kalsiyumu, iliyokwisha katika maziwa. Ondoa watoto upesi na kumpeleka kwa veterineri. Anaweza kufa siku ile ile, lakini akipata dawa mapema anapona.

Wiki ya nne anza kuwapa uji mwepesi wenye yai au samaki aliyepondwa, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Wiki ya saba na ya nane wanakula peke yao.

MINYOO YA MBWA KATIKA MTOTO WA MTU

Usijivune kusema: "Mbwa wangu ni safi, watoto wake hawana minyoo." Minyoo mirefu ya mbwa inalala katika nyama ya mama miaka, kisha inaingia kwa watoto wakiwa bado tumboni, na mingine inapita katika maziwa. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa nayo. Tumbo kubwa la duara ambalo watu wanalisifu, wanasema "huyu anakula vizuri", mara nyingi ni tumbo la minyoo.

Mayai ya minyoo yanatoka katika mavi. Siku ile ya kwanza hayana nguvu. Yakikaa udongoni wiki mbili na zaidi, yanakuwa tayari, na yanaweza kuishi humo miezi mingi. Mtoto wako anacheza katika udongo ule ule, anatia vidole mdomoni. Mnyoo wa mbwa haukui katika utumbo wa mtu. Unatangatanga mwilini kama aliyepotea njia, katika ini, katika mapafu, na pengine unaingia jichoni na kuharibu macho. Kuna mwingine, mnyoo wa ndoana, ambao unapenya ngozi ya mguu usio na kiatu na kuchora chini ya ngozi mstari mwekundu unaowasha, ukisogea kila siku. Mama akituletea mtoto mwenye mstari huo, swali letu la kwanza ni: nyumbani mna mbwa?

Basi, dawa ya minyoo wape vitoto wakiwa na wiki 2, kisha wiki 4, wiki 6 na wiki 8, na mama yao pamoja nao. Dawa inapimwa kwa uzito, ndiyo maana nilisema mizani. Usikate kidonge cha watu kwa kukisia. Mavi yaokotwe kila siku kwa koleo na kuzikwa mbali na bustani ya mboga. Ukiokota kila siku, mayai hayapati nafasi ya kuiva. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakitoka kucheza.

Viroboto usiviue kwa petroli wala kwa dawa ya mende: mtoto wa mbwa anakufa mbele ya kiroboto. Chanua kwa chanuo la meno madogo, vitumbukize katika maji ya sabuni, chemsha vitambaa, vianike juani.

WATOTO NA VITOTO

Wiki mbili za kwanza, watoto wa nyumba watazame kwa mbali. Mbwa aliyezaa, hata yule mpole, anauma. Kisha, toka wiki ya tatu hata ya kumi na mbili, ni kinyume: huu ndio wakati vitoto vinajifunza watu ni nani. Washikwe kidogo kila siku, pole, mkubwa akiwa karibu, wasikie sauti ya redio, ya pikipiki, ya mvua juu ya mabati. Mtoto wa mbwa aliyefungwa gizani miezi mitatu "awe mkali" hatakuwa mlinzi. Atakuwa mwoga, na mwoga anauma yeyote, hata bibi wa nyumba.

Ndiyo maana pia nasema: usimtoe mbele ya wiki nane. Najua majirani wanasukuma. Waambie wangojee.

KICHAA CHA MBWA

Wengi wanadhani kichaa, ndio raje, ni ugonjwa wa mbwa wakubwa wa njiani. Si kweli. Kitoto kilichoumwa usiku na mbwa anayepita kinaweza kuupata. Na kwa kuwa ni kitoto, mwanao anayekwaruzwa na meno yake madogo haendi kusema kwa mama. Anaficha, ili asipigwe. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mbwa ndiye anayeleta kichaa kwa watu karibu mara 99 katika 100, na kwamba katika watu 10 wanaoumwa na nyama wa kushukiwa, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Basi usimpige mtoto anayekuja kusema ameumwa.

Ugonjwa unaenda pole pole toka kwenye kidonda hata ubongoni, mara nyingi miezi miwili au mitatu. Huo ndio muda wetu. Tangu mwaka 1885, mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa alipochomwa sindano ya Louis Pasteur, inajulikana kwamba mtu anaweza kuokolewa baada ya kuumwa. Lakini dalili zikianza, za kuogopa maji, za kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona. Hakuna dawa hospitalini, wala kwa mganga wa majani.

Ukiumwa, au ukikwaruzwa, au mate yakigusa kidonda: osha papo hapo kwa maji mengi na sabuni dakika 15. Tazama saa, dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Usitie pilipili, wala mafuta, wala nywele za mbwa yule, wala jiwe jeusi. Kisha njoo dispensari siku ile ile, hata kama ni alama ndogo. Sindano ni kadhaa, kwa siku zilizopangwa. Kwa kidonda kibaya inaongezwa seramu. Usiziache katikati kwa sababu kidonda kimepona.

Mbwa aliyeuma asiuawe na kutupwa kama anaweza kufungwa bila hatari. Afungwe siku 10, atazamwe. Akifa au akibadilika, tuambieni. Lakini sindano za mtu hazingojei siku hizo 10 ziishe. Na neno moja ambalo limeua watu: mbwa anayetokwa mate, taya limelegea, hawezi kumeza, msiseme mfupa umemkaa kooni. Msitie mkono mdomoni mwake.

Sindano ya kichaa kwa vitoto inatolewa wakiwa na miezi mitatu, inarudiwa baada ya mwaka. Katika kampeni ya chanjo hata walio wadogo zaidi wanaweza kuchanjwa, wapelekeni. Sindano ya Carré na ya parvo ni nyingine, inaanza wiki ya sita hata ya nane na kurudiwa. Mmoja asikudanganye kwamba moja inatosha kwa yote. Mama mbwa naye awe amechanjwa. Anapata joto karibu mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kama hutaki kasha jingine baada ya miezi michache, ulizeni veterineri juu ya kumfunga uzazi. Kuwatupa vitoto usiku nyuma ya kambi ni kutengeneza wale mbwa wa njiani ambao kesho watamuuma mwana wa mwenzako.

Siku jirani anapokuja kuchukua wake, mpe kikaratasi pamoja na mbwa. Kiandikwe tarehe ya kuzaliwa, tarehe za dawa ya minyoo, chakula alichozoea, na tarehe ya sindano ya mwezi wa tatu. Mwambie aweke karatasi hiyo pamoja na kadi za chanjo za watoto wake. Wewe nawe bakiza jina la kila aliyechukua, ili mwezi wa tatu ukifika uweze kupita kumkumbusha.